Kupunguza mafuta huku nguvu zikibaki: mwongozo kwa wanaonyanyua vyuma Nairobi

Kila Januari jimu za mitaani hujaa watu wanaotaka mambo mawili kwa mpigo: kitambi kiishe na vyuma viongezeke. Wengi huambiwa wachague moja. Mimi hufundisha jimu ya mtaa upande wa Eastlands, na jibu langu ni kwamba yote mawili yanawezekana kwa muda, ila inategemea umetoka wapi. Aliyeanza mazoezi juzi, au aliyerudi baada ya kukaa sana, anaweza kupungua mafuta huku akiongeza kilo kwenye nondo (kile chuma kirefu kinachobeba vyuma) mara kwa mara. Aliyenyanyua kwa miaka ashukuru nguvu zisiposhuka. Jijue uko kundi gani kabla hujaanza, la sivyo utajilaumu bure.

Msimamo wangu ni huu: unapokula kidogo, daftari la mazoezi ndilo linalokuambia kama kinachotoka ni mafuta au misuli. Mizani peke yake haitofautishi.

Kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia dawa za kisukari au presha, ongea na daktari kwanza. Dawa hizo huenda zikahitaji kurekebishwa ukianza kula tofauti.

Hatua ya 1: Andika ulipo leo

Nunua daftari la kawaida la shule. Simu pia inafaa, ila simu huja na WhatsApp, na mapumziko ya dakika tatu kati ya seti (seti ni marudio kadhaa ya zoezi moja bila kupumzika) hugeuka kuwa kumi.

Kabla ya kuandika lolote, pima nondo yenyewe. Nondo ya mashindano ya wanaume ni kilo 20 na ya wanawake ni 15, lakini nyingi za mitaani zimetengenezwa na mafundi wa jua kali na hakuna aliyewahi kuzipima. Ibebe, panda nayo kwenye mizani ya bafuni, kisha toa uzito wako. Vile vyuma vya simiti vilivyomwagwa kwenye mikebe ya rangi navyo vipime kimoja kimoja, kwa sababu viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kupishana kwa kilo nzima. Andika uzito ubavuni kwa rangi.

Sasa rekodi mazoezi manne makubwa: skwati (kuchuchumaa na kusimama nondo ikiwa mabegani), benchi presi (kusukuma nondo ukiwa umelala chali), dedilifti (kuinua nondo kutoka sakafuni), na kujivuta kwenye chuma cha juu. Kwa kila moja andika kilo na marudio uliyoweza bila mwili kuanza kupinda vibaya. Ili ulinganishe seti zisizofanana, zidisha kilo kwa marudio, gawanya kwa 30, kisha jumlisha na zile kilo. Kilo 60 mara 5 inakupa 70. Ukija kufanya 57.5 mara 7 unapata kama 71, kwa hiyo nguvu zipo palepale hata kama nondo inaonekana nyepesi. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na hupotea njia marudio yakizidi kumi.

Mwisho, pima kiuno usawa wa kitovu kwa futi ya kitambaa ya fundi cherehani. Pumua nje kawaida na usivute tumbo ndani. Hakuna anayekutazama.

Hatua ya 2: Punguza chakula kidogo, tena kidogo kweli

Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700. Ukila pungufu ya kalori 400 kwa siku, wiki nzima ni 2,800, yaani karibu theluthi moja ya kilo. Watu hukunja uso wakisikia hivyo. Wanataka kilo tano kabla ya harusi ya mwezi ujao. Lakini kasi inayolinda nguvu ni nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 80 analenga gramu 400 hadi 800, na kadiri anavyozidi kukonda ndivyo anavyopaswa kukaa upande wa chini.

Kama uzito wako haujabadilika kwa miezi, unachokula sasa ndicho kinachokutosha. Punguza kutoka hapo. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16 hivi. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni kama 145. Soda ya nusu lita ina zaidi ya 200. Hizo mbili tu zimekupeleka 350, na bado hujagusa sahani. Zilizobaki zitafute kwenye mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, na kwenye vibanda vingi sukuma huogelea. Mwambie mama wa kibanda, "Mama, yangu weka mafuta kidogo." Atakucheka siku ya kwanza, kuanzia ya pili atakumbuka.

Ugali usiufukuze mezani. Wanga ndio unaokupa nguvu ya seti ya mwisho ya skwati, na nimeona wengi wakiacha ugali Jumatatu, na Alhamisi nondo ya kawaida ikawa mlima. Punguza kipande, kisha kiweke karibu na saa ya mazoezi.

Kuhusu zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mjini: nyingi zina sanamaki, nayo ni dawa ya kuendesha. Utapungua kweli, lakini kilichotoka ni maji na choo.

Hatua ya 3: Protini, na hapa usibahatishe

Lenga gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Mwenye kilo 80 aanze na 128. Kama una uzito mwingi wa kupunguza, tumia uzito unaoulenga badala ya ulio nao, la sivyo utajikuta unahesabu mayai kama mwenye duka.

Siku moja ya chakula cha hapa kwetu inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha: kama gramu 18. Maziwa au mala nusu lita: 16. Mchana nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 150 ikiwa imeiva: karibu 40. Maharagwe kikombe kimoja: 15. Jioni omena kavu gramu 50, iliyooshwa na kukaangwa kwa mafuta kidogo: zaidi ya 25. Ugali wa gramu 100 za unga wenyewe una kama 8. Jumla ni kama 122, na sukuma na vijisehemu vingine vitakufikisha 128 bila kopo la unga wa protini.

Omena ndiyo ninayoisisitiza, kwa sababu bei yake haiogopeshi na kukiwa na mfuko jikoni hakuna siku utasema nyama imeisha. Ioshe kwa maji moto mara kadhaa, toa mchanga, iache ikauke kabla haijaingia sufuriani. Isipokauka hupondeka, na omena iliyopondeka ndiyo inayowafanya watu waseme hawaipendi.

Githeri ni chakula kizuri, lakini usikihesabu kama maharagwe. Sahani ya kibandani mara nyingi ni mahindi yaliyotembelewa na maharagwe. Omba madondo ya ziada juu.

Kriatini (kirutubisho cha wanamazoezi), kama mfuko unaruhusu, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Husaidia nguvu, na inaweza kukuongezea maji ya kama kilo moja mwilini. Usishtuke mizani ikipanda.

Hatua ya 4: Toa seti, usitoe uzito

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu akianza kupunguza mafuta hushika vyuma vyepesi, marudio 20, 30, jasho likimtiririka, akiamini "anachonga mwili". Misuli huendelea kuwepo kwa sababu inaombwa kazi nzito. Ukiacha kuiomba, na chakula ni kidogo, mwili hauna sababu ya kuigharamia.

Fanya kinyume. Kama ulikuwa ukifanya skwati seti 5 za marudio 5 kwa kilo 90, baki na kilo 90 na ufanye seti 3. Kazi imepungua, ombi liko vilevile. Kila seti ikome ukiwa bado unaweza kurudia mara moja au mbili zaidi, kwa sababu kwenye chakula kidogo, seti ya kujimaliza kabisa leo utailipia keshokutwa.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Jumatatu: skwati, benchi, kuvuta nondo kuelekea tumboni. Jumatano: dedilifti, kusukuma nondo juu ya kichwa, kujivuta. Ijumaa rudia Jumatatu, wiki inayofuata anza na Jumatano, hivyo hivyo kwa kupokezana. Pumzika dakika tatu kati ya seti nzito. Ukibaki na nguvu, malizia na seti mbili za mikono. Sijawahi kufaulu kuwakataza vijana mikono.

Kuongeza uzito: ukipata marudio 5 kwenye seti zote tatu mara mbili mfululizo, ongeza kilo 2.5. Jimu nyingi hazina vile vyuma vidogo vya kilo 1.25, na kuruka kilo 5 kwenye benchi ukiwa na njaa ni kujitafutia kukwama chini ya nondo. Ongeza marudio kwanza, 5 yawe 6, yawe 7, ndipo upande. Au funga chupa ya maji ya nusu lita kila upande kwa kamba imara: hiyo ni kilo moja nzima.

Dada mmoja aliniuliza, "Kocha, si nitakuwa na mabega kama yako?" Misuli mikubwa huhitaji miaka na chakula kingi. Wewe umepunguza chakula. Ongeza uzito.

Hatua ya 5: Tembea

Kukimbia sana huchosha miguu ile ile unayoihitaji kwa skwati, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitoka Mombasa utahema mapema. Kutembea hakudai malipo hayo. Ukitokea Thika Road asubuhi, shuka Pangani uingie mjini kwa miguu kupitia Ngara. Mara nyingi utafika kabla ya matatu uliyoiacha. Jumapili nenda msitu wa Karura.

Hatua ya 6: Soma namba

Jipime kila asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, kisha chukua wastani wa wiki. Nyama choma ya Jumamosi na chumvi yake hupandisha mizani ya Jumatatu kwa maji tu. Kwa wanawake, linganisha wiki na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, maana hedhi huja na maji yake.

Kisha fungua daftari. Benchi kwa kawaida ndiyo hutangulia kusita. Kujivuta huwa rahisi kwa sababu unavuta mwili mwepesi. Siku moja mbaya ipuuze. Lakini mazoezi mawili au zaidi yakishuka kwa wiki mbili mfululizo, anza na usingizi: anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu na kulala saa sita usiku hana programu itakayomwokoa. Usingizi ukiwa sawa, hesabu protini upya. Nayo ikiwa sawa, rudisha kalori 200, hasa wanga kabla ya mazoezi.

Nondo zikikaa na kiuno kikipungua, usibadilishe chochote, hata mizani ikigoma.

Hatua ya 7: Toka kwa mpango

Baada ya wiki 8 hadi 12, simama. Rudisha kalori ulizotoa, ugali kwanza, na ukae hapo angalau wiki nne kabla ya kufikiria awamu nyingine. Wiki ya kwanza uzito utapanda kilo moja au hata mbili: ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli pamoja na maji yake, na kiuno hakitasogea sana. Wiki ya pili rudisha seti ya nne kwenye skwati na kuvuta nondo tumboni. Dedilifti iache na seti tatu, na benchi isubiri hadi marudio uliyopoteza yarudi.