SOMO: Listi ya jeshi inavyobadilika, na kwa nini ile uliyonakili itakuangusha

Wakuu, tangu msimu wa korosho uanze nimeulizwa "nipe listi inayoshinda" hadi nimechoka. Naandika mara moja tu. Nazungumzia Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa vinyago na dadu, toleo la kumi lililotoka 2023. Kila kikosi kina bei yake ya pointi, na listi ni vikosi unavyochagua bila kuzidi jumla. Jumla yetu ni pointi 2,000, maana ndio tunaocheza barazani kwangu Shangani, Mtwara, kila Jumapili.

Hatua ya 1. Pakua orodha mpya ya pointi ya Games Workshop, watengenezaji wa mchezo. Ni bure.

Hatua ya 2. Soma misheni kabla ya kuchagua vikosi. Raundi ni tano, alama 100: 50 za kushika vituo vya mezani, 40 za kazi za pembeni, 10 za jeshi lililopakwa rangi. Kuua kunakupa alama pale tu misheni au kazi ya pembeni inapodai hivyo.

Hatua ya 3. Elewa mzunguko. Mtu anagundua kikosi chenye pointi chache kuliko kazi kinayofanya. Anapeleka vitatu, maana sheria inaishia hapo kwa vikosi vingi. Akishinda, wote wanabeba vitatu. Tuseme ni vifaru: wapinzani wanajaza lascannon, bunduki ya kutobolea vifaru. Sasa anakuja mjanja mwingine na askari wa miguu kibao. Lascannon inafyatua mara moja, madhara yake ni dadu moja ukiongeza 1, yaani inaweza kufika 7. Ikimpata askari mwenye uhai 1, anakufa huyohuyo mmoja na sita zinapotea hewani. Wenzake wamekalia vituo wanakuchekea. Watu wanarudi kwenye bunduki za risasi nyingi, na vifaru vinapumua tena. Juu ya hayo, watengenezaji wanarekebisha pointi mara kadhaa kwa mwaka.

Hatua ya 4. Usinunue kwa kufuata mkumbo. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka 2023 jeshi la Aeldari lilikuwa linachapa kila mtu, nami nikaona listi ya mshindi mmoja wa Ulaya yenye Wraithknight, dude lao moja kubwa sana. Nikaagiza. Sanduku likakwama Dar wiki kadhaa, likaja kwa basi mguu mmoja umevunjika. Nikaunganisha, nikapaka rangi mwezi mzima. Siku naliweka mezani pointi zimeshapandishwa, listi ileile inazidi 2,000. Nikaondoa kikosi kidogo nilichoona hakina kazi, kumbe ndicho kilichokuwa kinakaa nyuma kushika kituo cha nyumbani. Nikafungwa na kijana wa kidato cha tatu mwenye jeshi la kuazima.

ONYO: listi unayoiona leo ilijibu listi za jana, tena za huko Ulaya. Na ukipunguza kikosi, jiulize kwanza kinashika nini, usijiulize kinaua nani. Mimi siku hizi pointi kama 1,400 haziguswi, hizo 600 ndizo zinazopokezana.

Hatua ya 5. Cheza mechi tano kabla ya kubadilisha chochote. Andika kwenye daftari.

MASWALI

Mtu wa Ligula: Mkuu, kwa hiyo sasa hivi inayoshinda ni ipi?
Fundi Vinyago: Umesoma hatua ya 3?
Mtu wa Ligula: Nimepitia juu juu.
Fundi Vinyago: Pitia chini chini.

Masasi Kwetu: Ulifungwa kwa sababu hujui kucheza, usisingizie pointi.
Fundi Vinyago: Nimeandika mwenyewe kwamba niliondoa kikosi nilichokihitaji. Umesoma kweli? Baraza liko wazi, nauli juu yako.

Binti Mikindani: Kaka, kama wote tunaujua mzunguko, kwa nini mtu asiruke hatua mbili mbele?
Fundi Vinyago: Dada, hilo ndilo swali. Ukiruka mbele sana unakutana na waliobaki nyuma. Ukija na dawa ya askari wa miguu, mechi ya kwanza unapangiwa mtu ambaye bado ana vifaru vyake vya mwaka juzi, anakutoa kabla hujamwona uliyemlenga. Na hapa kwetu tuko sita, wawili wana vifaru tu na hawana hela ya kubadili. Watengenezaji huko Nottingham, Uingereza, wanabadilisha karatasi ya pointi kwa siku moja, sisi tunasubiri korosho ziuzwe. Kwa hiyo hesabu makabati ya wenzako kwanza.

Mzee wa Newala: Wanangu, mimi nimetengeneza miamba ya mezani kwa maganda ya korosho. Yanapendeza.
Fundi Vinyago: Shikamoo mzee. Maganda mabichi yana mafuta yanayounguza ngozi, tafadhali usiwape vijana wayashike. Vipande vya matumbawe vilivyotupwa na bahari vinafaa zaidi, vioshe chumvi kwa maji baridi ya bomba.
Masasi Kwetu: Na rangi ya kupuliza? Yangu inatoka weupe kama ukungu.
Fundi Vinyago: Unyevu huo. Usipulize alfajiri wala baada ya mvua. Subiri mchana hewa ikikauka, upulizie kivulini.

Binti Mikindani: Jumapili nakuja na jeshi la Orks, askari 60 wa miguu.
Fundi Vinyago: Karibu. Lascannon mbili nimeshaziacha kabatini.
Mtu wa Ligula: Basi mimi naleta vifaru.