Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F: namna ya kuzipima kabla hujatoa hela

Mteja akija kwangu kutaka mashine ya gemu, swali lake la kwanza huwa, "Fundi, AMD au Intel?", yaani niweke prosesa, ule ubongo wa mashine, ya kampuni ipi kati ya hizo mbili. Na mimi namjibu kwa swali: "Una monita gani?" Wengi wanadhani namkwepa mtu. Sikwepi. Monita ya hezi 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde basi (kila picha tunaiita fremu), hata uifungie prosesa ya mamilioni. Mwenye monita ya hezi 144 anayecheza Counter-Strike 2 ana hesabu yake, na mwenye televisheni sebuleni anayecheza mpira na wadogo zake ana hesabu nyingine kabisa.

Nitatumia prosesa mbili ambazo watu wa bajeti ya kati wananiulizia sana: Ryzen 5 5600 ya AMD na Core i5-12400F ya Intel. Zote ni za 2022. Intel walitoka Januari kwa bei elekezi ya dola 167, AMD wakaja Aprili na dola 199. Bei hizo sasa zikusaidie tu kujua zilizaliwa daraja moja. Ya leo utaikuta dukani, na itategemea mzigo umetoka wapi.

Ukisoma karatasi zao ni mapacha: kori 6 (vichwa vya kufanya kazi), thredi 12 (kazi zinazoweza kwenda sambamba), kasi ya juu gigahezi 4.4. Kinachowachanganya watu ni kasi ya kuanzia, maana ya Ryzen ni 3.5 na ya Intel ni 2.5, basi mtu anaona pengo la gigahezi nzima. Liache. Namba hiyo ni ahadi ya chini kabisa ya kiwanda prosesa ikifanya kazi nzito ndani ya wati 65. Kwenye gemu, ikiwa na feni inayozunguka vizuri, i5 haishuki huko. Na gigahezi za kampuni mbili tofauti usizilinganishe hata siku moja, kwa sababu kila moja inafanya kazi yake kwa kiasi tofauti ndani ya mzunguko mmoja.

Kashe nayo ina mtego wake. Hii ni kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na gemu zinaipenda mno kwa sababu inapunguza safari za kwenda kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi iliyo nje yake kwenye vijiti. Ryzen 7 5800X3D ina kasi ndogo kuliko ndugu yake 5800X, 4.5 dhidi ya 4.7, lakini kwenye gemu inaiacha, kisa ina kashe ya megabaiti 96 wakati mwenzake ana 32. Sasa mtu akishajua hilo anaona 5600 ina 32 na i5 ina 18, anamaliza kesi hapo hapo. Kumbe kori za Intel nazo zina kashe kubwa zaidi ya ngazi ya pili, na zinachakata kwa namna yake. Ukilinganisha ndani ya ukoo mmoja, kashe inakuambia mengi. Ukivuka kwenda ukoo mwingine, inakuambia machache.

Basi tupime nini? Tuanze na kazi yenyewe inavyogawanywa. Prosesa ndiye mkata kitambaa, kadi ya grafiki ndiye mshonaji. Prosesa inaamua adui yuko wapi, risasi imegonga nini, mpira unadundaje, kisha inaikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora. Mkataji akiwa mzito, mshonaji anakaa anasubiri. Mshonaji akiwa mzito, vitambaa vinarundikana. Ndiyo maana ukipandisha ubora wa picha kutoka 1080 kwenda 1440 unalemea kadi tu, prosesa inabaki na kazi karibu ileile.

Kama tayari una mashine, jipime kwanza kabla ya kufikiria kununua. Weka programu ya kupimia, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner yake, uone matumizi ya kadi kwenye kona ya skrini wakati unacheza. Usipimie kwenye menyu wala kwenye uwanja wa mazoezi. Ingia mechi yenye watu wengi, au endesha gari katikati ya mji wa gemu. Kadi ikikaa asilimia 97 hadi 99, yenyewe ndiyo imefika mwisho, na prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Ikizungukia 60 au 70 na hujaweka kikomo cha fremu, prosesa au RAM ndiyo inachelewesha. Hakikisha kwa jambo moja zaidi: shusha ubora wa picha hadi 720. Fremu zikigoma kupanda, umempata mchawi. Na kabla hujamhukumu, fungua kava uangalie RAM. Nimekuta mashine nyingi zina kijiti kimoja cha gigabaiti 16 mahali ambapo viwili vya 8 vingefanya prosesa ileile ipumue, kwa sababu vijiti viwili vinafungua njia mbili.

Sasa kwenye vipimo vya wataalamu. Utakuta wanapima prosesa ya bei rahisi kwa kadi ya kifalme kama RTX 4090, na vijana wanalalamika, "Nani ananunua hivyo?" Hakuna. Wanafanya hivyo makusudi ili kadi isiwe kizuizi, uone prosesa inaishia wapi. Hiyo ndiyo dari. Tuseme wamepata fremu 150 kwa prosesa moja na 157 kwa nyingine, kisha ukatafuta kipimo cha kadi yako, mfano RX 6600, ukaona kwenye gemu hiyo hiyo na mpangilio huo huo inafika 90. Basi utaona 90 kwa zote mbili, na zile 7 za juu umezilipia bure. Soma vipimo viwili, cha prosesa na cha kadi, uchukue namba ndogo. Huo ndio ulinganisho wote kwa ufupi, na ajabu ni wachache wanaoufanya.

Na usiishie kwenye wastani. Tafuta safu ya asilimia moja ya chini, yaani zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Mashine inaweza kuonyesha wastani wa 110 na bado ikakukwamisha kila ukikata kona, kwa sababu fremu moja moja zinachelewa. Fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na 144 ni milisekunde 6.9. Fremu moja ikichukua milisekunde 40 katikati ya hizo, jicho linaiona na mkono unaihisi. Prosesa dhaifu hujulikana hapa mapema, wakati wastani wake bado unapendeza.

Kwa mizani hiyo, 5600 na 12400F zinakimbizana. Kwenye vipimo vingi tofauti yao ni asilimia chache, gemu hii anashinda huyu, ile anashinda yule. Kwa hiyo mechi inaamuliwa na vitu vinavyozizunguka, na hapo ndipo mawinga wa Kariakoo wanapokula hela ya watu, kwa sababu wanakutajia bei ya prosesa peke yake.

Dai bei ya prosesa, bodi (ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa) na RAM kwa pamoja. Ryzen 5600 inakaa kwenye soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi, ya AM4 na inatumia RAM ya aina ya DDR4 tu. Soketi hiyo ipo tangu 2016, kwa hiyo bodi zilizotumika ni nyingi. I5 inakaa kwenye LGA1700, ambako kuna bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine, muulize muuzaji kabla hajafunga mfuko. Chukua namba za mfano: seti ya AMD kwa shilingi 760,000 inatoa fremu 92 za chini, ya Intel kwa 850,000 inatoa 95. Ukigawanya, AMD ni kama 8,261 kwa fremu na Intel 8,947, pengo la asilimia 8, unaona AMD ameua. Lakini mashine haichezi gemu bila kadi, diski, pawa saplai na kava. Ongeza vitu hivyo, tuseme milioni 1 na 140,000 kwa kila upande: 1,900,000 kwa fremu 92 ni 20,652, na 1,990,000 kwa 95 ni 20,947. Pengo limebaki asilimia moja na kitu. Siku zote gawanya kwa bei ya mashine nzima. Halafu jiulize ile 90,000 ikienda kwenye kadi inakupandisha daraja? Mara nyingi inakusogeza karibu, na kadi ndiyo inayolipa.

Kuhusu umeme, msiteseke. I5 inaruhusiwa kupanda hadi wati 117, 5600 inabanwa kwenye 76, ila kwenye gemu hazifiki kote huko. Hata tukisema zinapishana wati 20, ukicheza saa 4 kila siku kwa mwezi ni yuniti 2.4 za LUKU. Hata nauli ya daladala ya kwenda na kurudi haifiki. Joto la Dar mwezi wa pili ndilo la kujali. Feni zinazokuja ndani ya boksi zinatosha kwa zote mbili, lakini prosesa za trei, zile zinazouzwa bila boksi, hazina feni, na dhamana yake ni neno la muuzaji. Weka bei ya feni kwenye hesabu.

Majina nayo yana mitego. Ryzen 5 5500, 5600 na 5600G zinauzwa meza moja kana kwamba ni kitu kimoja. 5500 na 5600G zina kashe ya megabaiti 16 na zinaongea na kadi kwa PCIe, yaani barabara ya data kati ya prosesa na kadi, ya toleo la 3.0 badala ya 4.0. Kwa RX 6600 utapoteza kidogo. Kwa RX 6500 XT, ambayo ina njia 4 tu za barabara hiyo, utaumia. Jambo hilo hilo linakupata ukiweka 5600 kwenye bodi ya B450, maana bodi yenyewe inaishia 3.0, ya B550 haina shida hiyo. Tena B450 ya zamani bila BIOS mpya (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) haiwaki kabisa na 5600, na mtu anarudisha prosesa nzima akidhani imekufa. Kwa Intel, angalia herufi F: haina grafiki ya ndani, bila kadi hupati picha. Ukitaka kuanza bila kadi ukusanye taratibu, tafuta 12400 isiyo na F, au ile 5600G niliyoisema vibaya hapo juu.

Je, kesho? AM4 inakubali 5700X3D, kori 8 na kashe ya megabaiti 96, kwenye bodi ileile baada ya kusasisha BIOS. Hiyo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa AMD, ukiipata kwa bei ya kibinadamu. LGA1700 inakupeleka hadi kizazi cha 14, nako kuna nguvu, ila prosesa kubwa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti lililozichosha, Intel wakatoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024 na kuongeza dhamana miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaurudishi nyuma. Kwa hiyo i7-13700K ya mtumba usiinunue kwa kuangalia inawaka tu. I5-12400F haimo kwenye kesi hiyo.

Msimamo wangu: ukiwa na bodi ya AM4 tayari, chukua 5600 na usiulize mara mbili. Ukianza sifuri, chukua seti iliyo rahisi siku hiyo, na zikilingana bei mimi naenda AMD kwa ajili ya 5700X3D. Ukipewa i5 na bodi ya H610 kwa punguzo zuri, chukua pia, haina aibu.

Kwenye kununua, Ryzen hii ina pini chini ya tumbo lake. Ishike kwa kingo, ilaze usawa wa jicho, uitazame safu kwa safu kwenye mwanga. Pini iliyolala inaonekana kama jino lililopinda. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo washa tochi ya simu uangalie ndani ya soketi, na bodi isiyo na kifuniko cha plastiki iangalie mara mbili. Muuzaji akitaka kukung'olea 5600 kutoka mashine nyingine, mwambie aiwashe kwanza dakika kumi ipate joto, azime, kisha azungushe feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikiwa imekauka, feni inapanda na prosesa yake, na pini zinaondoka nazo.

Mashine ikishafungwa, iwashwe pale pale dukani. Ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufika kasi yake, la sivyo RAM uliyolipia kasi ya 3200 itatembea 2133 au 2400. Kisha fungua CPU-Z, programu inayoonyesha vifaa vya ndani, usome mistari mitatu: jina lifanane na la risiti, RAM iandikwe njia mbili, na kashe ya L3 (ngazi ya tatu, ndiyo tuliyokuwa tukiihesabu) iwe megabaiti 32 kwa 5600 au 18 kwa i5. Ukiona 16, umepewa 5500 au 5600G, na hela yako idai kabla hujatoka mlangoni.