Jinsi ya kupima miamala iliyo ndani ya miamala na utenguaji wake

Muamala wa hifadhidata ni kundi la amri zinazothibitishwa zote kwa pamoja au kutenguliwa zote. Msanidi wa mfumo wa fedha anapoweka muamala mmoja ndani ya mwingine, swali linalohitaji jibu la uhakika ni moja: wa ndani ukishindwa, ni kipi kitakachobaki kwenye hifadhidata? Kusoma msimbo peke yake hakutoshi kulijibu, kwa kuwa hifadhidata nyingi hazina miamala ya ndani iliyo kamili; zina alama za kurudia tu (savepoint), yaani mahali ndani ya muamala unapoweza kurudi bila kuutengua wote, na kila hifadhidata huzishughulikia kwa namna yake. Jibu hupatikana kwa kuushindisha muamala makusudi, kisha kuyasoma yaliyobaki kupitia muunganisho mwingine ambao hauhusiki na muamala huo.

Hapa tutatumia hifadhidata ya PostgreSQL, na mfano ni wa kazi inayofanyika kila dakika kuanzia Kampala hadi Arua: mteja anatoa pesa za simu kwa wakala. Mteja anapokea shilingi 200,000 mkononi, salio la wakala linaongezeka kwa kiasi hicho hicho, na ushuru wa asilimia 0.5 unaotozwa kwa pesa zinazotolewa, yaani shilingi 1,000, unawekwa kando. Ada ya mtandao tumeiacha ili hesabu isitupotezee muda.

```sql
CREATE TABLE akaunti (
  namba text PRIMARY KEY,
  salio bigint NOT NULL CHECK (salio >= 0)
);
CREATE TABLE risiti (
  id      bigserial PRIMARY KEY,
  akaunti text NOT NULL REFERENCES akaunti,
  kiasi   bigint NOT NULL,
  maelezo text NOT NULL
);
INSERT INTO akaunti VALUES
  ('MTEJA', 500000), ('WAKALA', 0), ('USHURU', 0);
```

Salio limewekwa kama namba kamili kwa sababu shilingi ya Uganda haitumii senti, na hata kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, kinaipa nafasi sifuri za desimali. Jambo la kuzingatia ni kwamba jumla ya masalio yote matatu lazima ibaki 500,000 kabla na baada ya kila jaribio. Jumla ikibadilika, hata kwa shilingi moja, muamala umekatika katikati, na hapana haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Kanuni tunayotaka kuithibitisha ina pande mbili. Risiti ikishindwa kuandikwa, utoaji wa pesa ubaki; utoaji ukishindwa, risiti isibaki. Fungua madirisha mawili ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. La kwanza ni la kufanyia kazi, la pili ni la kutazamia tu. Kabla ya yote, katika dirisha la kwanza andika `\set ON_ERROR_ROLLBACK off`. Mpangilio huo ukiwa umewashwa, psql yenyewe hukuwekea alama za kurudia kimyakimya kabla ya kila amri, na utajikuta unapima tabia ya psql badala ya tabia ya mfumo wako.

```sql
BEGIN;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 201000 WHERE namba = 'MTEJA';
UPDATE akaunti SET salio = salio + 200000 WHERE namba = 'WAKALA';
UPDATE akaunti SET salio = salio + 1000   WHERE namba = 'USHURU';
SAVEPOINT kabla_ya_risiti;
INSERT INTO risiti (akaunti, kiasi, maelezo)
  VALUES ('MTEJA', 200000, NULL);
ROLLBACK TO SAVEPOINT kabla_ya_risiti;
COMMIT;
```

Amri ya INSERT itakataliwa, kwani maelezo hayaruhusiwi kuwa tupu. Huko ndiko kushindwa tunakokutaka. Kabla hujaandika COMMIT, amri ya kuuthibitisha muamala, soma masalio katika dirisha la pili: mteja bado ana 500,000. Baada ya COMMIT, dirisha hilo hilo lionyeshe 299,000 kwa mteja, 200,000 kwa wakala na 1,000 kwa ushuru, na jedwali la risiti liwe tupu. Usomaji wa kabla na wa baada vyote ni vya lazima. Anayesoma ndani ya dirisha la kwanza ataona masalio mapya hata kama hayajathibitishwa, naye atapitisha jaribio lisilostahili kupita.

Sasa rudisha masalio yalivyokuwa na urudie hatua zote, lakini ruka mstari wa ROLLBACK TO, ule unaorudisha kazi hadi kwenye alama. Hapa ndipo penye mtego ambao ningependa kila mwenye kuandika mifumo ya SACCO au ya pesa za simu auone kwa macho yake. Baada ya INSERT kushindwa, muamala mzima uko katika hali ya kuharibika: kila amri utakayoipeleka itakataliwa kwa hitilafu yenye msimbo 25P02, hadi muamala ufungwe au urudishwe kwenye alama ya kurudia. Ukiandika COMMIT, seva haitalalamika. Itajibu kwa neno moja, ROLLBACK, na pesa zote zitarudi zilikotoka. Baadhi ya maktaba za kuunganisha programu na hifadhidata hupandisha hitilafu hapo, nyingine hunyamaza. Programu inayoridhika kwamba COMMIT imepita salama itamwambia wakala atoe fedha taslimu, ilhali hifadhidata haina kumbukumbu yoyote ya utoaji huo. Kwa hiyo usiishie kupima iwapo COMMIT imeleta hitilafu; pima masalio.

Upande wa pili wa kanuni hupimwa kwa kugeuza mpangilio. Andika risiti iliyo sahihi ndani ya alama ya kurudia, iachilie kwa RELEASE SAVEPOINT, kisha tengua muamala wa nje kwa ROLLBACK. Dirisha la pili lisione risiti wala mabadiliko ya salio. Wengi huchukulia kwamba RELEASE ni uthibitisho mdogo, na maktaba fulani huiita hivyo katika majina ya vitendaji vyake. Ukweli ni kwamba inaondoa alama tu, na hatima ya kazi yote imebaki mikononi mwa muamala wa nje.

Kwa ngazi mbili, weka alama A, halafu alama B, kisha rudi A. Alama B imekufa pamoja na kila kilichofanyika baada ya A, na kujaribu kuirudia lazima kulete hitilafu 3B001. Fahamu kwamba hitilafu hiyo nayo huharibu muamala, lakini alama A ingali hai, nawe unaweza kuirudia tena, kwani ROLLBACK TO haiiondoi alama inayotajwa.

Mfumo ukihamishwa kwenda hifadhidata nyingine, majaribio haya yaandikwe upya, si kunakiliwa. Ukiandika BEGIN ndani ya BEGIN, PostgreSQL hutoa onyo tu na kuendelea na muamala ule ule, SQLite hukataa kwa hitilafu, nayo MySQL huthibitisha muamala wa kwanza bila kukuuliza na kuanza mpya. Hilo la MySQL ndilo la hatari zaidi, maana ROLLBACK inayokuja baadaye haina tena cha kurudisha kutoka kwenye sehemu ya kwanza. Katika SQL Server, kila BEGIN TRAN huongeza kihesabu cha @@TRANCOUNT na kila COMMIT hukipunguza, lakini ROLLBACK moja ya ndani hutengua kila kitu hadi mwanzo na kukifanya kihesabu kuwa sifuri. Tofauti nyingine iko kwenye amri za kuunda majedwali: PostgreSQL huzitengua pamoja na muamala, ilhali katika MySQL na Oracle huthibitisha muamala uliokuwa wazi.

Kuna vitu ambavyo havitenguliwi, na jaribio lako liseme hivyo waziwazi. Namba za bigserial, yaani namba za mfululizo ambazo hifadhidata huzitoa yenyewe, zikishatolewa hazirudi, kwa hiyo risiti zitaruka namba kila muamala unapotenguliwa. Kama mkaguzi wa hesabu anadai namba zisizo na pengo, bigserial si chombo chake. Ujumbe mfupi uliokwisha kwenda kwenye simu ya mteja hauitwi nyuma na ROLLBACK yoyote. Njia iliyo salama ni kuuandika kwanza kwenye jedwali la foleni, ndani ya muamala ule ule, na kuutuma baada ya uthibitisho.

Mifumo mingi ya majaribio huzungushia kila jaribio muamala wake na kuutengua mwishoni ili hifadhidata ibaki safi. Mpango huo una kasi, lakini kwa kazi yetu unaficha mambo. Masharti yaliyoahirishwa, yale ya DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED, hukaguliwa wakati wa COMMIT, na COMMIT haifiki kamwe. Ukilazimika kubaki ndani ya muamala, angalau ita SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE, inayoyakagua masharti hayo papo hapo, kabla ya jaribio kwisha. Katika Django, mfumo wa Python wa kuundia programu za wavuti, majaribio ya utenguaji yaandikwe kwa TransactionTestCase, isiyozungushia jaribio muamala, badala ya TestCase. Yatachelewa kiasi, na mimi naona ni bei ya haki.

Limebaki jaribio la umeme kukatika, jambo ambalo hakuna Mganda wa kumweleza. Katika dirisha la kwanza pata namba ya kikao kwa `SELECT pg_backend_pid();`, anza muamala, punguza salio la mteja, kisha simama hapo. Kutoka dirisha la pili, ukiwa na haki za kutosha, kiue kikao hicho kwa `pg_terminate_backend` na usome masalio: mteja awe na kiasi kile kile alichokuwa nacho kabla ya BEGIN. Kwa seva yenyewe, isimamishe ghafla kwa `pg_ctl stop -m immediate`, kwenye mashine ya majaribio tu, kisha iwashe na ukague jumla ya masalio tena.

Hali ngumu kuliko zote ni muunganisho kukatika baada ya COMMIT kupelekwa na kabla ya jibu kufika. Programu haiwezi kujua kama utoaji umethibitishwa au la, na ikijaribu tena huenda ikamkata mteja mara mbili. Ongeza jedwali la maombi lenye namba ya ombi iliyofungwa kwa UNIQUE, sharti linalokataa namba kurudiwa, na uiandike namba hiyo ndani ya muamala wa nje, nje ya alama yoyote ya kurudia. Jaribio ni kupeleka ombi moja mara mbili: la pili lishindwe kwa hitilafu 23505, salio la mteja libaki 299,000, na programu isome matokeo ya ombi la kwanza na kuyarudisha kwa wakala kama jibu.