Kuipasua nuru kwa boksi la viatu: kutoka moto wa chumvi hadi mwanzo wa ulimwengu

Karibu yote yanayojulikana kuhusu nyota yameletwa na nuru yake. Hakuna aliyekwenda kumega kipande cha nyota akakipima. Kinachopimwa ni rangi, na rangi hizo unaweza kuzifungua mwenyewe hapa Malindi kwa boksi la viatu, CD iliyoharibika na nyembe mbili. Chombo hicho kinaitwa spektroskopu.

Kwanza wimbi. Simama kwenye jeti uangalie mawimbi yakipita nguzo. Ukijua umbali wa kilele hadi kilele, na ni mawimbi mangapi yanapita nguzo moja kwa dakika, zidisha: umepata mwendo wake. Nuru nayo ni hivyo hivyo, ila mwendo wake angani pasipo hewa ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na kilele hadi kilele ni kama nanomita 400 kwa zambarau na 700 kwa nyekundu. Nanomita 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

CD ina kifereji kimoja kinachozunguka kuanzia kati, kama kawa inavyosukwa, na mzunguko mmoja umeachana na wa pili kwa nanomita 1,600. Nuru ikipenya humo, kila mzunguko unatoa mawimbi yake. Mahali ambapo njia za majirani wawili zinapishana kwa wimbi moja kamili, vilele vinakutana na rangi hiyo inang'aa. Nyekundu ina wimbi refu, kwa hiyo inakwenda pembeni zaidi kuliko buluu. Kazi yote ya chombo ni hiyo.

Anza na CD, maana ndipo wengi wanapokwama. Upande wenye maandishi, chora mstari kwa ncha ya kisu kutoka kati hadi ukingoni, bandika selotepu pana juu yake, uivute kwa nguvu. Ngozi ya fedha itabanduka na plastiki angavu itabaki. Ikiwa ni CD ya kurekodia, patakuwa na rangi ya kijani au buluu. Ioshe kwa spiriti. Usitumie asetoni ya kutolea rangi ya kucha, inaitia plastiki ukungu na kipande hakifai tena. Sasa kata kipande cha sentimita 3 kwa 3 kwenye ukingo wa nje, ambako vifereji vimenyooka zaidi. Plastiki ikitaka kupasuka, ilaze kwanza ndani ya maji ya moto dakika moja.

Boksi liwe na urefu wa sentimita 30 na upana wa 18 hivi. Kwenye ubavu mmoja mfupi, sentimita 3 kutoka ukuta wa kushoto (kushoto kwako ukichungulia kutoka upande wa pili), toboa dirisha la sentimita 1 kwa 3 lililosimama wima. Bandika nyembe mbili juu yake, makali yakitazamana, ukiacha mwanya wa milimita 0.2. Kipimo rahisi ni karatasi mbili za daftari zilizopangwa pamoja: zibane kati ya makali, bandika nyembe, kisha zichomoe. Mwanya huo unatenganisha rangi zinazopishana kwa nanomita 1 hivi. Ukiachia milimita 1 nzima utaona upinde mzuri wa rangi, lakini mistari myembamba ya rangi unayoitafuta itakuwa imefunikana.

Ubavu wa pili, usawa ule ule na sentimita 3 kutoka ukuta ule ule, toboa tundu la kuchungulia la sentimita 1 na ubandike kipande cha CD. Kabla ya kukibandika, kishike mbele ya jicho uangalie taa ya mbali: rangi zinapaswa kutawanyika kulia na kushoto. Zikienda juu na chini, kigeuze robo mzunguko. Rangi zikionekana zimepinda kama mundu, punguza tundu hadi nusu sentimita. Ziba kila pengo kwa selotepu nyeusi.

Chungulia ukielekeza mwanya kwenye taa, kisha sogeza jicho kulia. Usitazame mwanya wenyewe; rangi ziko kando yake, kati ya sentimita 8 na 13. Anayesoma kwa miwani aivae.

Anza na taa ya tyubu ya kizamani, isiyo ya LED. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na utaona mstari wa buluu-zambarau wa nanomita 436, kama sentimita 8.5 kutoka mwanya, na wa kijani wa 546, kama 10.9. Hizo mbili ndizo rula yako. Mwali wa mshumaa hauna mistari. Rangi zimeungana bila pengo, kwa sababu ni masizi ya moto mkali yanayong'aa. Balbu za LED nazo zina buluu kali, kisha giza kidogo, kisha eneo pana la kijani hadi nyekundu.

Zima taa, washa jiko la gesi, chovya kitanzi cha waya kwenye chumvi mbichi ukiingize kwenye mwali wa buluu. Mstari mmoja wa manjano utawaka penye 589, sentimita 11.9. Hiyo ni sodiamu iliyomo ndani ya chumvi; kila elementi ina mistari yake. Wakati mwingine, ukingoja, utauona ukimetameta hata kabla ya kutia chumvi, maana hewa ya pwani yenyewe inabeba chembe za chumvi na chembe chache sana zinatosha.

Jua usilielekezee chombo hiki kamwe. Linaharibu jicho bila kuuma. Elekeza kwenye kanzu nyeupe iliyoanikwa juani. Mwanya ukiwa mwembamba, ndani ya rangi utaona vistari vyeusi: 486 ni haidrojeni, 517 ni magnesi, na penye 589, pale pale palipowaka chumvi jikoni, kuna giza. Sodiamu iliyo kwenye tabaka la juu la jua imeimeza rangi yake. Mjerumani Fraunhofer alivipima vistari hivi mwaka 1814, na mwaka 1868 ulionekana kwenye jua mstari usio na mwenyewe duniani. Ndipo gesi ya heli ikajulikana, miaka 27 kabla haijapatikana hapa chini.

Nyota ni hafifu mno kwa boksi, lakini haihitaji mwanya kwa kuwa yenyewe ni nukta. Shika kipande cha CD kitupu mbele ya jicho. Zuhura, ingawa ni sayari, ndiyo rahisi. Jioni za Februari, saa tatu usiku, jaribu Sirius iliyo karibu na utosi, kisha Suheli ya mabaharia upande wa kusini.

Mistari ile ile ikipimwa kwenye galaksi za mbali, yaani makundi makubwa ya nyota, inakutwa imesogea upande wa nyekundu, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo ilivyosogea zaidi. Mwanaastronomia Hubble alilionyesha hilo mwaka 1929: anga lenyewe linatanuka na linayanyoosha mawimbi. Ukirudisha hesabu nyuma unafika mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Nuru ya zamani kuliko zote bado inatufikia, ila imenyooshwa kama mara 1,100 hadi ikawa mawimbi ya redio mafupi, na iligunduliwa mwaka 1965.

Upande mwingine wa nuru, eksirei, hewa inaizuia isitufikie. Ndiyo sababu tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Uhuru wa Kenya, na orodha yake ilifika vyanzo 339.

Ukimaliza, usikipanguse kipande kwa kanga. Chembe za chumvi zitakikwaruza. Kimwagie maji baridi, kikung'ute, ukihifadhi ndani ya karatasi.