Kuweka utafutaji wa maandishi ya Kiswahili kwenye Django, kwa PostgreSQL peke yake

Mfano wetu ni tovuti ya matangazo yenye modeli `Tangazo` (kichwa, maelezo). Kwa matangazo elfu chache, usihangaike na Elasticsearch (programu maalumu ya utafutaji): ni seva nyingine ya kulisha na kulinda, na PostgreSQL unayo tayari.

1. Maandalizi. Weka `django.contrib.postgres` kwenye `INSTALLED_APPS`. Katika migresheni (faili za kubadili muundo wa hifadhidata), `TrigramExtension()` itangulie faharasa (index) zote.

2. Vekta, yaani safu inayohifadhi maneno ya tangazo yakiwa tayari kutafutwa (Django 5.0 na kuendelea):

```python
vekta = models.GeneratedField(
    expression=SearchVector("kichwa", weight="A", config="simple")
             + SearchVector("maelezo", weight="B", config="simple"),
    output_field=SearchVectorField(),
    db_persist=True,
)
```

Ongeza `GinIndex` juu ya `vekta`, na nyingine juu ya `kichwa` yenye `opclasses=["gin_trgm_ops"]`. Hiyo ya pili haikubaliwi bila jina.

3. Utafutaji:

```python
swali = SearchQuery(q, config="simple", search_type="websearch")
Tangazo.objects.annotate(
    uzito=SearchRank(F("vekta"), swali),
    ukaribu=TrigramWordSimilarity(q, "kichwa"),
).filter(
    Q(vekta=swali) | Q(kichwa__trigram_word_similar=q)
).order_by("-uzito", "-ukaribu")
```

`config`, yaani kanuni za kuchambua maneno, iandikwe pande zote mbili (`simple` huyaacha bila kuyakata). Ukiisahau kwenye vekta, migresheni itagoma na utajua. Ukiisahau kwenye `SearchQuery`, hakuna kitakacholalamika: seva nyingi zimewekwa `english`, na kanuni zake hukata "mashine" ikawa "mashin", neno ambalo vekta yako haina. "Kitabu" halikatwi, kwa hiyo ukijaribu kwa neno hilo utadhani kila kitu kiko sawa. Jaribu kwa "mashine".

4. Kizingiti cha ukaribu. Hapa ndipo muda unapopotelea. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno (kitabu, vitabu, mtoto, watoto), na PostgreSQL haina kamusi ya Kiswahili ya kulishughulikia hilo, ndiyo maana tumeongeza trigramu, yaani vipande vya herufi tatu tatu. Ila kizingiti chake cha kawaida, yaani alama ya chini ya kufanana inayokubaliwa, ni 0.6. "Kitabu" dhidi ya "vitabu" hupata 0.57, na "mtoto" dhidi ya "watoto" 0.5, kwa hiyo yote mawili yanaachwa nje kimyakimya. Weka 0.45 kwenye `DATABASES`:

```python
"OPTIONS": {"options": "-c pg_trgm.word_similarity_threshold=0.45"}
```

Usishuke zaidi kwa tamaa. Kwenye 0.35, anayetafuta "mtoto" ataletewa "moto", maana hayo mawili yana 0.375.

Ukipitia PgBouncer (programu ya kati inayotunza miunganisho ya PostgreSQL), huenda ikakataa `options`. Hapo tumia `ALTER DATABASE soko SET ...` (`soko` ni jina la hifadhidata) ukiwa msimamizi, kisha washa upya PgBouncer na gunicorn (seva inayoendesha Django), kwa kuwa miunganisho iliyokwisha kufunguliwa hubaki na thamani ya zamani. Hifadhidata ya majaribio haitaiona amri hiyo: Django huitengeneza upya kwa jina lake, na majaribio yatafeli wakati tovuti inafanya kazi vizuri. Kwa sababu hiyo napendelea `OPTIONS` kila inapowezekana.

Kuna wanaochuja kwa `.filter(ukaribu__gt=0.45)` badala ya `trigram_word_similar`. Majibu ni yaleyale, ila faharasa haitumiki na kila rekodi husomwa. Ukiwa na shaka, soma `.explain()`: `Seq Scan` kwenye jedwali kubwa ina maana faharasa imeachwa.

5. Ng'ombe. Vekta hulivunja neno hili kuwa "ng" na "ombe", na anayeandika "ngombe" hapati kitu kupitia vekta. Ondoa ritifaa (') pande zote mbili: `Replace("kichwa", Value("'"), Value(""))` ndani ya `SearchVector` (na `maelezo` vilevile), na `q.replace("'", "")` kabla ya kutafuta. Ritifaa iliyopinda (’) ni herufi nyingine kabisa, nayo iondoe. Simu nyingi huandika hiyo.