Kushona viraka juu ya karatasi

Ncha za nyota ndizo zinazowashinda wengi wanaoshona viraka. Ukikata pembetatu ukaziunganisha kwa macho, milimita moja ikipotea kila mshono, ncha moja inamezwa na nyingine inaelea mbali na mwenzake. Kwa njia hii vitambaa vinashonwa moja kwa moja juu ya karatasi yenye mchoro: mstari umeshachapwa, nawe kazi yako ni kupitisha sindano juu yake. Ndiyo maana mimi vipande vyangu hukata kwa kukadiria tu, vikubwa kuliko vinavyohitajika. Ubahili wa kitambaa hapa unaleta kufumua.

Chapa mchoro kwa asilimia 100, kisha upime kwa rula, maana printa hupenda kupunguza bila kukuuliza. Karatasi nyembamba ndiyo nzuri. Cherehani iweke mshono mfupi wa milimita 1.5 na sindano namba 90/14, ili karatasi itobolewe vizuri na baadaye ichanike kirahisi. Uzi wa kijivu unakubaliana na karibu rangi zote.

Sehemu za mchoro zina namba zinazofuata mpangilio wa kushona. Kipande cha 1 kinakaa upande usio na wino, mgongo wake ukigusa karatasi. Kibane kwa pini. Inua karatasi kwenye mwanga uone kama kitambaa kimezidi mistari ya sehemu yake kwa milimita 6 hivi pande zote.

Sasa kipande cha 2, na hapa ndipo watu hukwama. Weka kadi ngumu kwenye mstari ulio kati ya 1 na 2, kunja karatasi juu yake, kisha kitambaa kinachochomoza ukipunguze kibaki milimita 6. Fungua mkunjo. Ukingo ulioukata ndio unaokuonyesha pa kuweka kipande cha 2: uso kwa uso na cha 1, kingo zikilingana, mwili wake wote ukiwa umelala juu ya cha 1. Akili itakukatalia, itakwambia kimeelekea kusikofaa. Usiisikilize. Choma pini kufuata mstari wenyewe, kifunue kipande kama kitakavyokaa kikishashonwa, kisha kiangalie kwenye mwanga. Kama hakifuniki sehemu ya 2 na ziada yake, kisogeze sasa, kabla ya cherehani.

Kirudishe, geuza karatasi wino uwe juu, hamisha pini isikae njiani pa sindano, ushone juu ya mstari. Anza mishono miwili mitatu kabla yake na upitilize vivyo hivyo mwishoni. Funua, piga pasi kavu. Mvuke unakunjamanisha karatasi, na wino wa printa nyingine huhamia kwenye meza ya pasi, kwa hiyo tandika kitambaa cha zamani. Kisha kunja kwenye mstari unaofuata, punguza, endelea kwa namba hadi mwisho.

Ukilazimika kufumua, karatasi itaachana pale ilipotobolewa. Iunge kwa selotepu, ila pasi isiiguse.

Kumbuka kitambaa kiko nyuma ya mchoro, kwa hiyo picha inatoka imegeuka. Nyota haijali. Ndege atatazama upande mwingine, na herufi hazitasomeka, labda mchoraji awe ameshazigeuza.

Michoro mikubwa hugawanywa A, B, C. Kila sehemu ikikamilika, ikate kwenye mstari wa nje, ule ulioacha nafasi ya mshono. Unapounganisha mbili, choma pini wima katika kona ya moja itokee katika kona ya nyingine, ndipo ubane.

Karatasi usiitoe mapema. Kingo nyingi zimekatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi za kitambaa, zikikosa karatasi zinavutika na kipande kinapoteza umbo. Mimi huisubirisha hadi kila upande uwe umeshonwa na jirani yake. Hapo naanza na namba ya mwisho kurudi nyuma, kidole kikiwa kimebana mshono, navuta karatasi kwa mshazari. Vijipande vilivyonasa kwenye pembe natoa kwa kibano.