Kupima diski kwa mstari wa amri: soma kwanza, kuandika baadaye

Diski ikianza kusuasua, kompyuta ikiganda kila unapofungua folda fulani, wengi hukimbilia programu ya kurekebisha mfumo wa faili. Huko ni kuanzia mwisho. Programu hiyo huandika, na kuandika juu ya diski mgonjwa ambayo hujaijua inaumwa wapi kunaweza kukupotezea hata kile kilichokuwa bado kinasomeka. Maelekezo haya ni ya Linux.

Kwenye Debian na jamaa zake, weka zana hizi:

`sudo apt install smartmontools hdparm gddrescue nvme-cli`

1. Hakikisha ni diski ipi

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT`

Usiamini herufi. Iliyokuwa sda jana inaweza kuwa sdb leo baada ya kuwasha upya. Linganisha namba tambulishi ya kifaa (safu ya SERIAL) na ile iliyo kwenye kibandiko cha diski yenyewe, na katika amri zinazofuata weka jina ulilolipata badala ya sda.

2. Sikiliza kerneli, yaani kiini cha Linux, inasema nini

`sudo dmesg -T | grep -iE 'ata[0-9]|nvme|i/o error'`

Tafuta maneno mawili. `UNC` maana yake diski imejaribu kusoma sekta (kipande kidogo cha diski kinachoshika data) ikashindwa: tatizo liko ndani ya diski. `ICRC` maana yake data imeharibika njiani kati ya diski na ubao mama, na hapo mshukiwa wa kwanza ni kebo. Diski nyingi hutupwa kumbe kosa ni la kebo iliyolegea.

3. Soma kumbukumbu za SMART, yaani takwimu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe

`sudo smartctl -x /dev/sda`

Kama diski iko kwenye kasha la USB na amri inakataa, ongeza `-d sat`. Kuna makasha yasiyopitisha amri hizi kabisa. Toa diski uichomeke moja kwa moja kwenye SATA.

Juu utaona neno `PASSED`. Usilitegemee. Hukumu hiyo hubadilika pale tu thamani iliyokokotolewa na mtengenezaji inaposhuka hadi kikomo alichokiweka yeye mwenyewe, na diski yenye makumi ya sekta zisizosomeka inaweza kuendelea kujisifu kuwa imefaulu. Nenda kwenye jedwali, utazame safu ya mwisho, yaani thamani ghafi, ya mistari hii:

- 5, sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba. Chache zisizoongezeka zinavumilika; zinazopanda kila wiki, hapana.
- 197, sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Hii ndiyo namba ya kuangalia kabla ya zote.
- 198, zilizogundulika hazisomeki wakati wa ukaguzi wa diski yenyewe.
- 199, makosa ya kebo. Hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo iandike mahali, badilisha kebo, kisha uone kama inaendelea kupanda.

Mistari ya 1 na 7 kwenye diski za Seagate huonyesha mamilioni na kuwatia watu kiwewe. Ni hesabu mbili zilizofungwa ndani ya namba moja, iache.

4. Kama 197 si sifuri na huna nakala, okoa sasa

Kabla ya kipimo chochote kirefu. Kipimo huisomesha diski uso mzima, na inayokaribia kufa inaweza kufia humo.

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/salama/picha.img /mnt/salama/ramani.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/salama/picha.img /mnt/salama/ramani.map`

Mkupuo wa kwanza huchukua kilaini, bila kukwangua sehemu zenye shida. Wa pili hurudia kilichobaki mara tatu. Ile ramani usiisahau: ndiyo inayowezesha kuendelea ulipoishia umeme ukikatika. Picha iwe kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha diski nzima, hata kama faili zako ni chache.

5. Kipimo cha ndani

`sudo smartctl -t short /dev/sda` huchukua kama dakika 2. `-t long` ni saa kadhaa. Amri yenyewe hukuambia makadirio. Kinaendelea ndani ya diski, unaweza kufunga terminali. Kasha la USB linalojizima lenyewe hukatiza kipimo, na matokeo yake husomeka kama kilichosimamishwa.

`sudo smartctl -l selftest /dev/sda`

Ukiona `Completed: read failure`, mwisho wa mstari huo kuna namba ya sekta ya kwanza iliyoshindikana. Kwa kawaida kipimo husimama hapo, kwa hiyo zinaweza kuwepo nyingine mbele.

6. Ni faili gani limeumia?

Tuseme sekta ni 48234496, diski inajitangaza kwa sekta za baiti 512, na partisheni ni ext4 yenye bloku za baiti 4096. Soma mwanzo wa partisheni:

`cat /sys/block/sda/sda1/start`

Ikitoa 2048: (48234496 − 2048) ÷ 8 = 6029056.

`sudo debugfs -R "icheck 6029056" /dev/sda1`

Itatoa namba ya ainodi, yaani rekodi ambayo mfumo wa faili huitumia kulitambua faili. Ipeleke kwenye `ncheck` upate jina la faili. Icheck isipotoa ainodi, yawezekana bloku haina mwenyewe.

Ukishapata nakala ya faili na umekubali kupoteza kilichokuwa pale, toa partisheni kwenye matumizi kwa `umount` kisha andika sifuri, ili diski ilazimike kuamua:

`sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=4096 count=1 seek=6029312 oflag=direct`

Angalia namba vizuri. Hapa ni 6029312, yaani 48234496 ÷ 8 bila kutoa mwanzo wa partisheni, kwa sababu tunaandika kwenye diski nzima. Ukiweka 6029056 utafuta mahali pazima palipo mebibaiti 1 nyuma. Tunaandika baiti 4096 kwa mkupuo kwa kuwa diski nyingi za sasa hushika sekta 8 ndani ya moja ya kimwili. Ukigusa moja tu, diski italazimika kwanza kusoma zile saba nyingine, na kusoma ndiko kulikoshindikana.

Rudi kwenye SMART. Ikiwa 197 imepungua na 5 haikupanda, uso ulikuwa mzima na uandishi wa zamani ndio ulioharibika, pengine umeme ulikatika. Zote mbili zikipanda baada ya kipimo kirefu kingine, nunua diski mpya.

7. Diski tupu, na SSD (diski isiyo na sahani)

Diski ya sahani isiyo na data ipime kwa `sudo badblocks -wsv -b 4096 /dev/sdX`. Hufuta kila kitu, ikiandika na kusoma ruwaza 4. Bila `-b 4096` itakataa diski inayozidi tebibaiti 4. Kwenye SSD usiitumie. Unakula maisha yake bure.

Kwa SSD za aina ya NVMe:

`sudo nvme smart-log /dev/nvme0`

`critical_warning` na `media_errors` zinatakiwa kuwa 0. `percentage_used` inaweza kupita 100 na kifaa kikaendelea kufanya kazi, lakini `available_spare` ikikaribia kikomo chake, hamisha data siku hiyo hiyo: SSD inaweza kuzimika ghafla bila kutoa dalili yoyote.